Maswali ya Wasomaji: Je, Ipo Siku Kompyuta Itatuzidi Kufikiri?

Barua nyingi tulizopokea mwezi huu zimetoka Mkoa wa Kigoma, na ingawa waandishi wake ni watu wa rika na kazi tofauti, karibu wote wanauliza jambo moja: kompyuta hizi zinazoandika, zinazotafsiri na zinazojibu maswali zitafika wapi, na sisi tutabaki wapi. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu majibu ya nyingine yanaitegemea.

*

"Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha nne hapa Kasulu. Shuleni kwetu tulikuwa na mdahalo, na mada ilisema kwamba kompyuta zitawazidi binadamu kufikiri. Waliounga mkono walisema jambo hilo limekwisha tangu kompyuta ilipomshinda bingwa wa dunia wa sataranji. Waliopinga walisema kompyuta haiwezi kufanya lolote isipokuwa lile iliyoagizwa na aliyeitengeneza. Mdahalo uliisha bila mshindi. Ninaomba utuamue."
Mwanafunzi, Kasulu

Marahaba, mwanangu. Sitaupa ushindi upande wowote, kwa sababu kila upande ulishika jambo la kweli kisha ukalivuta mpaka mahali lisipofika.

Tuanze na sataranji. Mnamo Mei 1997, mjini New York, kompyuta ya kampuni ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, aliyekuwa bingwa wa dunia, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5 katika michezo sita, baada ya Kasparov kuishinda mwaka uliotangulia. Mashine hiyo iliweza kukagua mikao ya kete ipatayo milioni 200 kwa kila sekunde, na hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kulikaribia jambo hilo. Wenzako walisema kweli kwamba katika sataranji mjadala umefungwa. Hata hivyo Deep Blue haikujua kitu kingine chochote. Ungeiwekea bao lenye kete 64 isingejua hata pa kuanzia, wala haikuwa na habari kwamba aliyekaa mbele yake ni mtu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 wataalamu wawili wa Marekani, Herbert Simon na Allen Newell, walitabiri kwamba kompyuta ingekuwa bingwa wa sataranji ndani ya miaka kumi. Ikachukua karibu miaka arobaini. Mwaka 1965 Simon alisema pia kwamba ndani ya miaka ishirini mashine zingeweza kufanya kazi yoyote anayoweza kuifanya mtu, na mwaka 1985 ulipowadia mashine hazikuwa karibu na hali hiyo hata kidogo. Simtaji kwa kumbeza, kwa maana alikuwa miongoni mwa waasisi wa elimu hii. Ninamtaja kwa sababu watu wengi wa wakati wake waliamini kwamba sataranji ni kilele cha kufikiri na kwamba mashine itakayoiweza itaweza na mengine yote. Ilipoiweza, tuligundua kwamba mchezo huo unaweza kushindwa kwa hesabu nyingi za haraka, na kwamba mengine yote yalikuwa bado yako palepale.

Sasa nije kwa upande wa pili, wa kompyuta kufanya inachoagizwa tu. Hoja hiyo ni ya zamani sana. Mwaka 1843 Mwingereza Ada Lovelace, akieleza mashine ya kukokotoa iliyobuniwa na Charles Babbage, aliandika kwamba mashine hiyo haidai kuanzisha jambo lolote, bali inaweza kufanya lile tunalojua kuiagiza. Mwaka 1950 Alan Turing aliijibu hoja hiyo katika makala iliyouliza kama mashine zinaweza kufikiri, akasema kwamba mashine humshangaza mara nyingi, na akapendekeza kwamba badala ya kuiandikia mashine kila hatua, tuitengeneze ijifunze kama mtoto anavyofunzwa. Hicho ndicho kilichokuja kutokea. Mnamo Machi 2016, mjini Seoul, programu iitwayo AlphaGo ilimshinda Lee Sedol, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa Go, mchezo wa kete wa Asia ya Mashariki, kwa michezo minne kwa mmoja. Katika mchezo wa pili, kwenye hatua ya 37, iliweka kete mahali ambapo watangazaji waliokuwa mabingwa wenyewe walidhani imekosea, na baadaye hatua hiyo ikaonekana kuwa nzuri mno. Walioitengeneza hawakuwa na uwezo wa kucheza hivyo, kwa hiyo hawakuweza kuiagiza. Mwaka 2017 likaja toleo jingine lililopewa kanuni za mchezo peke yake, bila mchezo hata mmoja wa binadamu, likajifunza kwa kucheza dhidi yake lenyewe, kisha likalishinda toleo lililomshinda Lee Sedol kwa michezo 100 kwa sifuri. Wenzako waliopinga wabaki na sehemu hii moja ya hoja yao, kwa sababu ni ya kweli: lengo liliwekwa na watu. Mashine ilijitafutia njia, lakini haikujitafutia sababu ya kutaka kushinda.

Hapo ndipo penye jibu langu. Ukiangalia kila mahali ambapo kompyuta imetupita, utakuta vitu viwili vimekutana: kipimo kinachoonyesha bila ubishi nani amepatia, na mifano mingi ya kujifunzia, iwe imekusanywa na watu au imetengenezwa na mashine yenyewe. Katika Go aliyeshinda anajulikana, na mashine inaweza kucheza mamilioni ya michezo peke yake. Katika hesabu, uthibitisho ni sahihi au si sahihi, na ndiyo maana mwaka 2025 programu za kampuni za Google DeepMind na OpenAI zilitatua maswali matano kati ya sita ya Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati, zikapata alama 35 kati ya 42, kiwango cha medali ya dhahabu. Wapo wanafunzi wa rika lako waliopata alama zote 42 mwaka huohuo, nawe usilisahau hilo. Katika elimu ya viumbe, programu ya AlphaFold iliweza kukadiria umbo la protini kwa usahihi uliowashangaza wataalamu, na mwaka 2024 Demis Hassabis na John Jumper walioiongoza walipewa sehemu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Programu hiyo ilijifunza kutokana na maumbo ya protini ambayo watafiti wa nchi nyingi walikuwa wakiyapima maabarani, moja baada ya jingine, na kuyaweka kwenye hazina ya pamoja tangu mwaka 1971. Ninapenda jambo hilo litajwe kila mara tuzo hiyo inapotajwa: mashine ilipita watu kwa kusimama juu ya jasho la watu.

Palipokosekana kipimo au mifano, mambo huwa mengine. Chukua programu hizi za mazungumzo zilizotufikia tangu mwishoni mwa mwaka 2022. Kwa msingi zimefunzwa kukadiria neno linalofuata, kutokana na maandishi mengi ambayo mtu asingeyamaliza hata angesoma maisha yake yote. Iandikie programu ya namna hiyo, "Reli ya Kati inaanzia Dar es Salaam, inapita Dodoma na Tabora, na kuishia," nayo itajaza "Kigoma", kwa sababu maandishi mengi yanaelekea huko, na jibu ni sahihi. Sasa iandikie, "Mtu wa kwanza kuvua dagaa kwa taa katika Ziwa Tanganyika aliitwa." Sentensi hiyo inadai jina la mtu. Programu isipozuiwa inaweza kulitoa, kwa Kiswahili safi na bila kusita, hata kama jina hilo halikuandikwa popote duniani, kwa sababu kazi iliyofunzwa kwanza ni kuendeleza maandishi yaonekane ya kawaida. Watengenezaji wameongeza mafunzo mengine ili zikubali kwamba hazijui, na zimeendelea sana, ila tatizo halijaisha. Kuna pia suala la mifano. Kiingereza kina maandishi mengi ajabu kwenye intaneti, Kiswahili kina machache, na Kiha ambacho bibi yako hukizungumza tangu alfajiri hakina karibu chochote. Programu hizo zinapojua kidogo kuhusu Kasulu kuliko London, sababu yake ni hiyo.

Kuna fikra nyingine ambayo hatuihesabu kuwa fikra kwa kuwa ni rahisi kwetu. Nenda mwalo wa Katonga asubuhi, umtazame mama anayeanika dagaa. Anamwaga ndoo juu ya chanja, anawatandaza kwa kiganja ili wasilaliane, anatoa kipande cha nyavu na samaki aliyepasuka, anainua macho kuangalia wingu, anamkemea kuku, anamjibu mteja bei, na mkono wake haujasimama. Roboti zipo zinazofanya kazi moja ya aina hiyo katika kiwanda kilichopangwa, lakini roboti ya kushushwa kwenye mchanga wa Katonga na kufanya hayo yote haijapatikana. Mtaalamu wa roboti Hans Moravec alieleza katika miaka ya 1980 kwamba ni rahisi zaidi kuipa kompyuta uwezo wa mtu mzima katika mitihani na michezo ya bao la kufikiri kuliko kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kutembea. Mpaka leo maneno yake yanasimama kwa sehemu kubwa.

Utaniambia kwamba tunahamisha mpaka kila mara mashine inapoufikia, na utakuwa na hoja. Mkoa wako una historia katika jambo hili. Mwaka 1960 Jane Goodall alifika Gombe, kaskazini mwa mji wa Kigoma, na kabla mwaka huo haujaisha alimwona sokwe akichomeka bua la nyasi kwenye kichuguu, akilivuta likiwa limejaa mchwa, na kuwala. Aliona pia sokwe wakipukuchua majani ya kijiti ili kifae kwa kazi hiyo. Mpaka wakati huo wanazuoni walikuwa wakifundisha kwamba kutengeneza zana ndiko kunakomtenga binadamu na wanyama. Habari zilipomfikia Louis Leakey aliyemtuma, alijibu kwamba sasa ni lazima tueleze upya zana ni nini, tueleze upya binadamu ni nani, au tukubali kwamba sokwe ni binadamu. Wengi wetu tulichagua kumweleza upya binadamu. Sioni aibu katika hilo, mradi tufanye hivyo kwa sababu tumejifunza jambo, na tusifanye hivyo kwa kuwa tumeogopa kupungukiwa heshima.

Je, ipo siku zitatuzidi katika yote? Ubongo wa mtu una seli za neva zipatazo bilioni 86, nao hutumia nguvu ya wati 20 hivi, kiasi cha balbu ndogo, wakati mitambo inayofunza programu kubwa za leo hutumia umeme mwingi mno. Pengo hilo ni kubwa, ila ni pengo la ufundi. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba ipo sheria ya maumbile inayoizuia mashine kufika pale ubongo ulipofika. Wakubwa wa fani hii wenyewe hawakubaliani. Geoffrey Hinton, Yoshua Bengio na Yann LeCun walipewa kwa pamoja tuzo ya Turing ya mwaka 2018, tuzo kubwa ya elimu ya kompyuta, kwa kazi yao juu ya mitandao ya neva bandia, yaani programu zinazojifunza kwa kuiga kidogo seli za ubongo. Hinton aliacha kazi Google mwaka 2023 ili aweze kusema kwa uhuru kuhusu hatari anayoiona ya mashine kutuzidi, na Bengio naye ana hofu kama yake. LeCun anasema programu zinazojifunza kwa maandishi peke yake hazitafika huko. Watu watatu waliojenga nyumba moja wanapotofautiana hivyo, mtu asikupe tarehe. Kwa maoni yangu, zitaendelea kutupita katika kila kazi yenye kipimo cha wazi na mifano mingi, na orodha ya kazi hizo itarefuka kwa kasi katika maisha yako. Katika kuamua ni lengo gani linastahili kufuatwa, sijaona hata dalili kwamba zimeanza safari, kwa kuwa huko hakuna anayezisahihishia daftari. Nendeni mkarudie mdahalo, lakini badilisheni mada: ulizeni ni kazi zipi, na nani anaweka kipimo.

*

"Ndugu Mhariri, ninafanya kazi katika kituo cha afya wilayani Kibondo. Katika semina tuliambiwa kwamba kompyuta inaweza kusoma picha ya eksirei ya kifua na kutambua kifua kikuu kama daktari bingwa. Je, ni kweli? Na ikiwa ni kweli, sisi tunabaki na kazi gani?"
Tabibu, Kibondo

Ni kweli, ndugu yangu, na ni mfano mzuri wa yale niliyomweleza mwanafunzi wa Kasulu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikubali kwamba programu za kusoma picha za kifua zinaweza kutumika badala ya msomaji binadamu katika kuchunguza na kuchuja watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea. Kwa watoto walio chini ya umri huo pendekezo hilo halihusiki, kwa hiyo usikubali kushawishiwa vinginevyo. Programu hizi zimefanikiwa kwa sababu picha zilikuwa nyingi na kipimo kilikuwepo: makohozi ya mgonjwa yalipimwa, jibu likajulikana, na mashine ikalinganisha ilichoona na kile maabara ilichosema.

Mahali ambapo wataalamu bingwa wa eksirei ni wachache, hii ni neema, na sitaki mtu aichukie kwa kuogopa cheo chake. Lakini fahamu inachokupa. Inakupa namba inayoeleza ni kwa kiasi gani picha inafanana na picha za wagonjwa wa kifua kikuu. Kiwango cha namba ambacho kuanzia hapo mtu atapelekwa kupimwa makohozi huwekwa na watu, na hubadilika kulingana na jamii inayopimwa na uwezo wa maabara. Mtu aliyewahi kuugua na kupona anaweza kuwa na makovu mapafuni yanayoipandisha namba bila ugonjwa kuwepo. Wewe ndiye unayemuuliza kama alitibiwa zamani, anaishi na nani, na kama nyumbani kuna mtoto mdogo anayekohoa ambaye hakuletwa. Kisha wewe ndiye unayeandika jina lako chini ya uamuzi. Siku mgonjwa akirudi na kuuliza kwa nini aliambiwa ni mzima, hawezi kuiuliza namba, na hilo halitabadilika hata programu ikiwa sahihi mara mbili zaidi ya leo.

*

"Habari za kazi, Mwalimu. Nina mtumbwi mwalo wa Kibirizi. Vijana wangu wanaangalia hali ya hewa kwenye simu, na nahodha wangu ambaye ni mtu mzima anaangalia maji na mawingu ya upande wa Kongo. Juzi walibishana mpaka tukachelewa kutoka. Nimfuate nani?"
Mwenye mtumbwi, Kibirizi

Salama, kaka. Wafuate wote wawili, ila kila mmoja kwa jambo lake, nami nitakueleza kwa nini.

Utabiri wa hali ya hewa ni kazi ambayo akili mnemba, yaani programu hizi zinazojifunza, imeiingia kwa nguvu. Mwaka 2023 Google DeepMind ilitangaza programu iitwayo GraphCast, iliyofunzwa kwa kumbukumbu za hali ya hewa ya dunia nzima za takriban miaka arobaini, ambayo hutoa utabiri wa siku kumi kwa muda usiofika dakika moja, na katika vipimo vingi iliushinda utabiri bora wa wakati huo uliotengenezwa kwa kompyuta kubwa kwa muda mrefu zaidi. Kipimo kipo, kwa sababu kesho ikifika kila mtu anaona kama mvua ilinyesha. Mifano ipo. Kwa hiyo usishangae kijana wako akikuambia siku tatu kabla kwamba upepo wa kusi utavuma, kisha ukavuma kweli.

Sasa sikiliza upande wa nahodha. Programu hiyo huigawanya dunia katika miraba ambayo kila mmoja una upana wa kilomita 28 hivi. Upana wa Ziwa Tanganyika kwa wastani ni kilomita 50. Maana yake ni kwamba kutoka Kibirizi hadi ng'ambo ya Kongo kuna miraba kama miwili tu, na ndani ya kila mraba mashine inaona upepo mmoja, mvua moja, joto moja. Dhoruba inayozaliwa milimani jioni na kushuka ghafla juu ya maji inaweza kuwa ndogo kuliko mraba mzima, ikapita bila kuonekana kwenye simu. Zaidi ya hapo, vituo vya kupimia hali ya hewa kuzunguka ziwa letu ni vichache ukilinganisha na Ulaya, hivyo mashine inaanza kukokotoa ikiwa na habari pungufu kuhusu sisi. Nahodha wako hajui kitakachotokea Jumapili ijayo, lakini anajua weusi wa wingu lile na namna maji yanavyokunjamana kabla upepo haujafika, na ujuzi huo hauna mraba.

Kwa kupanga juma lenu, sikilizeni taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na simu za vijana. Taa zikishapakiwa na mtumbwi uko tayari kusukumwa, neno la mwisho liwe la nahodha, na akisema hapana isiwe aibu kwa mtu kurudi kulala. Ninakuomba jambo moja zaidi. Mpe kijana mmoja daftari, kila jioni aandike tarehe, nahodha aliona nini, alisema nini, simu ilisema nini, na usiku ulikuwaje. Ujuzi wa manahodha wa ziwa hili unazikwa nao mwaka hadi mwaka, na hakuna mashine itakayojifunza kitu ambacho hakikuandikwa na yeyote. Na maboya ya kujiokoa yavaliwe, utabiri uwe wa nani.

*

"Assalaam aleikum. Mimi ni mstaafu, ninaishi Ujiji. Naona mnajadili jambo lisilowezekana. Kilichotengenezwa hakiwezi kumzidi aliyekitengeneza. Na je, hicho chombo kinahisi lolote kinaposema 'pole'?"
Mzee, Ujiji

Waaleikum salaam, na shikamoo Mzee wangu. Mambo ya Mwenyezi Mungu na viumbe vyake siyaweki katika mizani ya safu hii. Kwa vitu vinavyotengenezwa na watu, hata hivyo, tunaona kila siku vikiwazidi watengenezaji kwa jambo moja moja. Meli ya Liemba iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa Kigoma vipandevipande na kuunganishwa hapo, na imebeba mizigo ambayo mafundi wake wote kwa pamoja wasingeweza kuinyanyua. Nguvu yake haikuipa mamlaka juu yao. Jambo la kutazama ni nani ameshika usukani.

Kuhusu "pole", hakuna ushahidi kwamba programu za leo zinahisi chochote. Zimejifunza neno hilo kutoka kwa watu waliokuwa wakihisi. Sisi ndio wepesi wa kuamini. Katika miaka ya 1960 Joseph Weizenbaum wa Marekani alitengeneza programu iliyoitwa ELIZA, ambayo kwa sehemu kubwa ilimrudishia mtu maneno yake mwenyewe kama swali, na alishtuka kuona watu wakiifungulia mioyo yao. Mjane au kijana mpweke akipata faraja kidogo kwa chombo hicho usiku simlaumu, lakini asubuhi inabidi jirani abishe hodi.

*

"Hujambo Mwalimu. Nina kijana wa kidato cha pili hapa Mwanga. Kazi zote za nyumbani sasa anazifanya kwa programu ya kwenye simu. Alama zake zimepanda, baba yake anafurahi, lakini mimi sina amani. Nimnyang'anye simu?"
Mama, Mwanga, Kigoma

Sijambo, mama, na wasiwasi wako una msingi. Mwalimu alipompa kijana insha ya kuandika nyumbani, hakuwa na haja na insha. Alikuwa anataka kijana apambane na mawazo yake mpaka yakae sawa, na insha ilikuwa alama ya kwamba amepambana, kwa sababu zamani hakukuwa na njia rahisi ya kuipata bila kupambana. Njia hiyo sasa ipo. Alama zimeendelea kuandikwa kwenye kadi, lakini hazipimi tena kile zilichokuwa zinapima. Mimi ninaliona jambo hili kuwa zito kuliko maswali yote manne yaliyotangulia. Mashine kutuzidi katika Go hakumpunguzii mtu kitu. Mtoto wa miaka kumi na mitano kuacha kujifunza kufikiri kwa sababu kuna kifaa kinachofikiri haraka kuliko yeye ni hasara ambayo hatuwezi kuifidia akifika miaka thelathini. Katika chumba cha mtihani wa taifa simu haiingii, na katika maisha kuna siku nyingi zinazofanana na chumba hicho.

Kumnyang'anya kabisa sikushauri, kwa kuwa ataitumia kwa rafiki yake, na isitoshe atakuja kufanya kazi katika dunia yenye programu hizo. Badilisha mpangilio. Kazi ikishakwisha, mwambie afunge daftari na simu, akueleze alichoandika kwa maneno yake mwenyewe, wewe ukiwa unapika. Huhitaji kulijua somo. Utasikia mara moja anapokwama, na pale alipokwama ndipo programu ilipomfanyia kazi. Kisha mpe zoezi la pili: aiulize programu hiyo jambo analolijua yeye kwa macho yake, kwa mfano jinsi dagaa wa Katonga wanavyookolewa mvua inaponyesha kabla hawajakauka, au njia ya daladala kutoka Mwanga hadi Ujiji, aliandike jibu kwenye karatasi na kulisahihisha kwa kalamu nyekundu kama mwalimu. Atakapoona imesema uongo kwa lugha tamu kuhusu mtaa wake, ataisoma kwa macho mengine itakapomweleza habari za mitaa asiyoijua.

Kwa hesabu weka sheria moja na usiilegeze: simu inakaa kwako mpaka ajaribu kila swali kwa kalamu, hata akikosea yote, na makosa yasifutwe. Baada ya hapo mrudishie, aiulize ni wapi alipopotea. Na baba yake mwombe akae naye jioni moja wakati wa zoezi hilo.